Maji ya paa lako si ya jirani

Wasee, mvua ikianza tunaangalia mto, tunaangalia barabara, halafu tunalaumu kaunti. Sawa. Lakini kuna mafuriko hayatoki mtoni. Yanatoka ploti ya juu, yanapita chini ya ukuta, yanaingia kwa jirani.

Ukimuuliza mwenye ploti ya juu, jibu liko tayari: "Maji hufuata mkondo." Mimi naona huko ni kukwepa. Maji hufuata mkondo, ni kweli, lakini huu mkondo ulichimbwa na fundi wako.

Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwa mita 1 ya mraba ni lita 1. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 465 za mraba. Ukiifunika yote, paa huku, simiti kule, mvua ya milimita 20 inakuachia karibu lita 9,000. Hizo ni karibu tangi mbili za lita 5,000! Zamani udongo ungekunywa kiasi, yaliyobaki yasambae polepole. Sasa gata inayakusanya, na bomba moja linayamwaga yote kwa kona. Kona ya nani? Ya jirani.

Kwa udongo mweusi kama wa Kitengela, mambo ni mabaya zaidi. Ule udongo hufura ukilowa, kiangazi unasinyaa na kupasuka. Rudia hivyo msimu baada ya msimu, msingi wa nyumba unaanza kupata nyufa. Na mara nyingi anayeamka na maji si lando. Ni mpangaji wa chini, godoro limelowa, soketi iko karibu na sakafu.

Msimamo wangu ni huu: maji uliyoyakusanya ni yako mpaka yafike kwa mtaro wa umma. Weka tangi, maana hata maji ya boza unayanunua. Yanayozidi, chimbia shimo la mawe mbali na misingi, yako na ya jirani. Acha pia kipande cha ardhi wazi.

Jirani wa chini naye asijenge ukuta bila tundu hata moja. Maji yakijaa nyuma yake, unaweza kuanguka, na watoto hucheza hapo. Kitu poa ni mtaro mmoja kwa mpaka mpaka barabarani, gharama nusu kwa nusu.

Najua mtasema, "Sisi tunapanga tu, inatuhusu nini?" Inatuhusu, kwa sababu vitu vinavyolowa ni vyetu. Mvua ikinyesha, piga video ionyeshe maji yanatokea wapi. Mtumie lando. Akinyamaza, nendeni kwa mzee wa Nyumba Kumi mkiwa wapangaji kadhaa, si mmoja. Kesi inaweza kula miaka. Mtaro unachimbwa wikendi moja.

Sasa niambieni: gata ya kwenu inamwaga wapi?