Mvua Yetu na Inzi wa Mtoni

Mtu wa Tukuyu hasahau mwavuli. Upepo wenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Nyasa, hukutana na Mlima Rungwe wenye urefu wa meta 2,961, hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu. Kwa mwaka hutuletea mvua ipatayo milimeta 2,000 na zaidi. Ndiyo maana tunazo ndizi, chai na majani ya ng'ombe.

Lakini mvua hiyo hiyo hujaza mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mito hii huteremka mbio juu ya mawe, maji yakichanganyika na hewa. Hapo ndipo apendapo kuzalia inzi mmoja mweusi, mdogo kuliko inzi wa nyumbani, mwenye kibyongo mgongoni. Mbu wengi hutafuta maji yaliyotulia. Huyu hutaka maji ya kasi. Tena huuma mchana, watu wakiwa shambani au mtoni, hata chandarua hakimzuii.

Inzi huyu ndiye aenezaye usubi. Akimwuma mgonjwa, hunyonya vijidudu vya ugonjwa. Baadaye akimwuma mwingine, humwachia. Mwilini minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi. Watoto wao, wengi mno, hutembea ndani ya ngozi na kuiwasha usiku na mchana, na wakifika machoni huweza kuleta upofu.

Siku moja mzee mmoja alikuja ofisini kwangu kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Nikampa kalamu. Akapapasa meza, akasema, "Mwanangu, nishike mkono, uniwekee mahali pa kuandika." Alikuwa amelima bondeni kando ya mto tangu ujana. Miguu yake ilikuwa na mabaka meupe. Aliniambia kwamba mwasho ulipoanza alidhani amerogwa, akapeleka mbuzi wawili kwa mganga. Alipofika kwa daktari, macho yalikuwa yamekwisha kufifia.

Dawa ipo, nayo huitwa Mectizan. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kuitoa bure. Vijijini kwetu ilianza kugawiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mgawaji akipima urefu wa mtu kwa kijiti apate kujua idadi ya vidonge. Watoto wadogo, wenye mimba na wagonjwa mahututi hawapewi. Tangu hapo usubi umepungua sana.

Sasa wengine husema, "Nilikwisha meza, tena siwashwi." Ndugu yangu, sikiliza vizuri. Dawa huua watoto wa minyoo, lakini mama yao haifi kwa urahisi, naye huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Baada ya miezi huanza kuzaa tena. Ndiyo sababu dawa humezwa kila mwaka, kwa miaka mingi, hata na asiyeona dalili yo yote. Maana inzi haulizi nani ajisikia mzima.

Mvua hatuwezi kuizuia, wala hatutaki. Basi mgawaji akiita watu wa kijiji chako, usiende kujificha migombani. Nenda ukapimwe kwa kijiti, umeze, na umshike mkono babu yako mwende pamoja.