"Mmeelewa?": Swali Linalostahili Jibu la Kweli

Mwalimu humaliza kueleza, hugeuka kutoka ubaoni na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Somo huendelea. Mtihani unapofika ndipo inapobainika kwamba wengi hawakuelewa. Hatuwezi kuwalaumu watoto kwa jibu hilo, kwani wamejifunza mapema kwamba kutojua kuna gharama: alama ndogo, nafasi ya mwisho, kicheko cha wenzao na pengine kiboko.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Mwaka uliofuata, mitaala mipya inayosisitiza umahiri ilianza kutekelezwa kwa awamu. Tunazipokea hatua hizi kwa shukrani. Hata hivyo, tangazo la kitaifa halibadilishi darasa ambalo orodha ya nafasi ingali imebandikwa ukutani, wala nyumba ambayo mzazi huuliza swali moja tu: "Umekuwa wa ngapi?"

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliukosoa utukuzaji wa mitihani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zizingatiwe, na hapo ndipo ulipozaliwa upimaji endelevu. Nia ilikuwa njema. Lakini kazi hizo zilipoingizwa katika hesabu ya matokeo, ambapo kwa kidato cha nne zimekuwa zikichangia alama 30 kati ya 100, zoezi la darasani nalo likageuka mtihani mdogo. Kinachohesabiwa huogopwa, na mtoto mwenye hofu huficha asichokijua.

Tunaamini, basi, kwamba darasa linahitaji pia kipimo kisichohesabiwa. Dakika tano kabla ya kengele, kila mwanafunzi aandike kwenye kikaratasi jambo moja alilolielewa na jingine linalomtatiza. Mwalimu avisome na kuvigawa katika mafungu matatu: walioelewa, walioelewa nusu na walioachwa njiani. Kesho yake aanze na hao wa mwisho. Hakuna kalamu nyekundu, hakuna alama, hakuna jina la kusomwa mbele ya darasa.

Walimu wenye wanafunzi themanini watatuuliza muda utatoka wapi. Swali hilo ni la haki. Tunajibu kwamba kuvigawa vikaratasi katika mafungu hakulingani na kusahihisha madaftari themanini, na kwamba kurudia mada nzima baada ya mtihani hula muda zaidi. Panapokosekana karatasi, kila mtoto na amweleze jirani yake somo kwa maneno yake mwenyewe, mwalimu akipita na kusikiliza.

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi nchini Israeli. Kundi moja lilipewa alama tu, jingine maelezo tu kuhusu kazi yao, na la tatu likapewa vyote viwili. Waliofanya vizuri zaidi baadaye ni wale wa maelezo tu. Alama ilipoambatana na maelezo, manufaa ya maelezo yalipotea. Mzazi yeyote anaweza kulitambua hili: mtoto akipokea daftari hutazama namba kwanza, kisha hulifunga.

Kwetu Wakatoliki hili linagusa imani. Katika Matendo ya Mitume, Filipo alimkuta Mwethiopia akisoma kitabu cha nabii Isaya, akamuuliza kama anayaelewa anayoyasoma. Yule mtu alikiri bila aibu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo hakumhukumu, alipanda garini, akaketi naye, akaanzia pale pale alipokwama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba watu wote wana haki ya elimu kwa sababu ya hadhi yao ya kibinadamu. Hadhi hiyo haipungui kwa mtoto aliye wa mwisho darasani.

Hatusemi mitihani ya taifa ifutwe, wala hatupuuzi wasiwasi wa mzazi anayejinyima ili alipe karo. Tunasema mtihani huja mwishoni, wakati ambapo mtoto aliyekwama tangu mwezi wa pili hawezi tena kusaidiwa.

Tunaziomba shule zetu za Kikatoliki ziwe za kwanza kujaribu njia hii. Tunawaomba pia makatekista: mtoto wa Komunyo ya Kwanza anayeghani majibu yote ya katekisimu bila kukosea aulizwe kwa upole, pasipo kutishiwa kurudishwa mwaka, maneno hayo yana maana gani kwake. Nasi wazazi, jioni ya leo mtoto akirudi kutoka shule, tumuulize ni jambo gani hakulielewa. Akitutajia, tumsikilize bila kumkaripia, kwa kuwa ametuambia ukweli.