Mafuta ya tronsoneze: kipimo kiwe cha koperative, si cha kila mtu



Katika koperative nyingi za Kivu na Ituri, masini ya kukata miti, ile tunaita tronsoneze, ni mali ya wote. Ilinunuliwa na michango ya wanamemba, ao ilipatikana kwa musaada wa mradi. Kupitia masini hiyo tunapata mbao za meza za kukaushia kahawa, mbao za masanduku ya kuchachisha kakao, na miti ya kujengea depo. Ikikufa katikati ya musimu, hasara si ya mwendeshaji peke yake. Kahawa inakosa meza, na mama aliyetoa mchango wake anauliza feza zilienda wapi.

Tronsoneze nyingi zinazoletwa kwa mekanisie hazikukufa juu ya uzee. Zimekufa juu ya mafuta: mafuta yasiyofaa, ao kipimo cha kubahatisha. Njo maana ninasema wazi: kuchagua mafuta na kupanga kipimo chake ni kazi ya komite ya koperative. Ni jambo la kuandikwa, si la kuachia kila mwendeshaji na mawazo yake.

Kwanza tuelewane namna masini hii inafanya kazi. Moto yako iko na mafuta yake chini ya moteri. Unayabadilisha kila kiisha muda fulani. Tronsoneze haina hayo. Mafuta yake yanaingia pamoja na esansi, yanapaka pisto na silinda, kisha yanaungua na kutoka na moshi. Ikiwa katika kasi kubwa, moteri hii inaweza kuzunguka zaidi ya mara 12.000 kwa dakika moja. Mafuta yakipunguka, chuma kinakutana na chuma. Pisto inachunika, moteri inapoteza nguvu, inakuwa nguvu kuwaka, mwishowe inakamata na haizunguke tena. Na pisto pamoja na silinda ni kati ya vipande vya bei kali.

Sasa, mafuta gani? Kwenye soko zetu kuna namna tatu ambazo watu wanachanganya.

Ya kwanza ni mafuta ya moto, yameandikwa 4T. Yanapatikana kila duka, sababu moto za taksi za leo karibu zote ni za temps ine. Mafuta hayo yalitengenezwa ili yabaki ndani ya moteri, si ili yaungue. Ukiyatia ndani ya tronsoneze, yanaacha majivu na masizi juu ya pisto na bujii. Haifai, hata ukiongeza, hata ukipunguza.

Ya pili ni mafuta ya moteri za pirogi, yale wavuvi wanatumia kwenye ziwa Kivu, ziwa Edouard, ziwa Albert na Tanganyika. Yameandikwa TC-W3. Ni kweli ni mafuta ya temps mbili, lakini moteri ya pirogi inapozwa na maji ya ziwa. Tronsoneze inapozwa na upepo tu, kwa hiyo inakuwa moto zaidi. Mafuta ya pirogi hayakutengenezwa kwa joto hilo.

Ya tatu njo yetu: mafuta 2T ya moteri zinazopozwa na hewa. Usiangalie rangi ya chupa, wala sifa za muuzaji. Soma nyuma ya chupa. Tafuta JASO FB, FC ao FD; ao ISO-L-EGB, EGC ao EGD; ao API TC. Angalia vizuri: TC na TC-W3 si kitu kimoja. Herufi ndogo, tofauti kubwa.

Tunakuja kwa kipimo, pale mabishano yanaanza. Mmoja anasema 50 kwa 1, mwengine anasema 25 kwa 1, na kila mmoja anaapa kama mwenzake anaua masini. Kusema kweli, wote wawili wanaweza kuwa na haki. Vitabu vingi vya STIHL vinaomba sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 50 za esansi ukitumia mafuta ya kampuni yenyewe, na sehemu 1 kwa 25 ukitumia mafuta mengine ya namna ya TC. Vitabu vingi vya Husqvarna vinaomba 50 kwa 1 na mafuta yao, na 33 kwa 1 na mafuta mengine mazuri. Hesabu kwa litre 1 ya esansi ni hii:

50 kwa 1: mililitre 20 za mafuta.
33 kwa 1: mililitre 30.
25 kwa 1: mililitre 40.

Mimi ninaona hivi. Ikiwa mafuta ni ya kampuni iliyotengeneza masini, na chupa ilikuwa imefungwa vizuri, fuateni 50 kwa 1. Ikiwa ni 2T ingine nzuri, fuateni namba ambayo kitabu cha masini kinatoa kwa mafuta mengine. Ikiwa kitabu kilipotea, tieni mililitre 40. Mafuta yakizidi kidogo, utaona moshi na bujii nyeusi, na bujii inasafishwa. Mafuta yakikosa, pisto haisafishwe. Lakini kupita 40 si dawa: masizi yanajaa, moshi unakuwa mwingi, na mwendeshaji anauvuta muchana kutwa.

Najua neno litakalotoka: « Mafuta iko bei kali, tia kidogo tu, inatosha. » Tufanye hesabu. Litre 1 ya mafuta kwa kipimo cha 20 inatumikia litre 50 za esansi. Kwa kipimo cha 40 inatumikia litre 25. Tuseme masini inakunywa litre 5 kwa siku: litre 1 ya mafuta itafanya siku 10, ao siku 5. Chukueni bei ya litre hiyo kwenu, muiweke pembeni ya bei ya pisto na silinda mpya, ongezeni na majuma ambayo kazi inasimama. Halafu mtaniambia bei kali iko wapi.

Tuseme pia ukweli mwengine. Mara nyingi mwendeshaji analipwa kwa hesabu ya mbao, na mafuta anajinunulia. Kila mililitre anapunguza ni faida ya mufuko wake, na pisto ikiungua ni hasara yetu wote. Yeye si mwizi. Mpango wetu njo unamsukuma. Koperative ikinunua mafuta yenyewe, ikayatoa na kipimo, sababu ya kupunguza inaisha.

Wengine watasema hiyo itachelewesha kazi, maana shamba liko mbali na depo. Hapana. Bidoni ya litre 5 inatayarishwa jioni, asubui mwendeshaji anaibeba. Wengine watasema: « Siye wazee wa kazi, tunajua kwa macho. » Lakini rangi inadanganya: 2T moja ni nyekundu, ingine buluu, ingine kijani. Hakuna jicho linaloweza kutofautisha mililitre 10 na 20 ndani ya litre ya esansi.

Vyombo vinavyohitajika havina bei. Nunueni siringe ya mililitre 20 kwa farmasi: siringe moja kwa litre kwa kipimo cha 50, siringe mbili kwa kipimo cha 25. Iandikeni alama, itundikwe depo, isirudi tena kuchoma mbuzi dawa. Kwa bidoni ya litre 5 ni mililitre 100 ao 200. Chupa ya bia inayouzwa kando ya barabara haifike litre 1, basi musiihesabu kama litre. Esansi ipitishwe kwenye kitambaa safi, maana maji na muchanga vinaharibu karburata. Tieni mafuta kwanza na esansi kidogo, mutikise, ndipo mujaze. Mutikise tena kila mara kabla ya kutia ndani ya masini, na moteri iwe imezimwa na kupoa. Mchanganyiko usipite mwezi mmoja. Bidoni iandikwe, mtu asije kuitia ndani ya moto ao kwenye tangi ya mafuta ya cheni.

Na daftari. Tarehe, litre za esansi, mililitre za mafuta, jina la mwenye kupima, jina la mwenye kupokea. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku masini ikiharibika, daftari litasaidia mekanisie kuliko ubishi wa watu kumi.

Kwenye mukutano wenu mukubwa unaokuja, mwanamemba yeyote asimame aulize maswali matatu: tunatumia mafuta gani, tunapima ngapi, nani anaandika? Komite ikijibu yote matatu bila kutazamana, mali yenu iko mikononi mwema. Ikishindwa hata moja, muamue siku hiyohiyo, kabla ya mti unaofuata kuangushwa.