Hatari Inayohesabika na Ghaibu Isiyopimika

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu kuwakopesha wakimbizi naona umeyachanganya mambo mawili ambayo mwanauchumi wa Marekani, Frank Knight, aliyapambanua tangu mwaka 1921, nayo ni hatari iwezayo kukadiriwa kwa hesabu, na ile ghaibu isiyokuwa na mizani ya kuipimia. Mkopeshaji wa mji wa Mbarara, Uganda, aliyezoea kudai hati ya shamba, anapomnyima mkopo mkimbizi wa makazi ya Nakivale kwa hofu kwamba huenda akahama ghafula, hajapima hatari yoyote. Ameogopa asichokijua, kisha hofu ile akaiita hesabu.

Lakini ajabu kubwa zaidi, ambayo wewe umeipitia kwa sentensi moja tu, ni hii: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 yamruhusu mkimbizi kufanya kazi na biashara, na masoko ya Nakivale yamejaa Wakongo, Wasomali na Warundi wanaouza na kununua, ila ardhi aliyopewa ni ya kutumia tu, haiwezi kuwekwa rahani. Anahimizwa ajitegemee, hali dhamana ya kumwezesha kujitegemea hana!

Hata hivyo, kumkopesha kwawezekana: taasisi ya mikopo midogo ya UGAFODE ilifungua tawi mlemle Nakivale mwaka 2020. Nawasihi wakopeshaji wa Mbarara nao wafike, wayatazame madaftari ya mauzo ya wafanyabiashara hao, ndipo watoe hukumu.