Uhuru wa Greenland una bei yake

Mpenzi msomaji, fungua atilasi ya mwanao utazame kaskazini kabisa. Kisiwa hicho kikubwa kuliko vyote duniani ni Greenland, au Kalaallit Nunaat kama wenyewe wakiitavyo. Ukubwa wake unakaribia Kenya nne, ingawa takriban asilimia 80 ni barafu tupu. Wakazi ni kama 56,000 tu, wengi wao Wainuit, nao wanauliza swali ambalo wazee wetu walilijua sana: tutajitawala lini?

Utawala wa Denmark ulianza mwaka 1721, mmishenari Hans Egede alipotia nanga huko. Mwaka 1953 koloni hilo likafanywa sehemu ya ufalme wa Denmark. Lakini mzigo ukibadilishwa jina haupungui uzito.

Wewe uliye mzazi, hebu tafakari kisa hiki. Mwaka 1951 watoto 22 walichukuliwa na kupelekwa Denmark wafunzwe lugha na mila za huko. Wengine hawakurudishwa. Waliorudi walitiwa katika makao ya watoto mjini Nuuk ilhali jamaa zao walikuwapo, na lugha ya mama ilikuwa imewatoka. Denmark iliomba radhi mwaka 2020, karibu miaka 70 baadaye!

Wagreenland hawakushika silaha, walishika kura. Mwaka 1979 walipata serikali ya ndani, na mwaka 1985 wakajitoa katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ili wamiliki samaki wao. Mwaka 2008 asilimia 75 ya wapiga kura walidai mamlaka zaidi. Sheria iliyoanza tarehe 21 Juni 2009 ilikiri kwamba wao ni taifa lenye haki ya kujiamulia mambo yao, na lugha yao ikawa ndiyo rasmi. Wakitaka uhuru kamili, njia ipo: mapatano na Denmark, kura ya maoni, kisha idhini ya bunge la Copenhagen.

Mbona basi hawajauchukua? Jibu limo mfukoni. Samaki na kamba ni zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa wanazouza nje, na ruzuku ya Denmark hubeba karibu nusu ya bajeti ya serikali. Madini yapo, lakini kuyachimba penye barafu, pasipo barabara za kuunganisha miji, si mchezo.

Naye Rais Donald Trump wa Marekani ametamka wazi kwamba anakitaka kisiwa hicho. Viongozi wa Nuuk walimjibu kuwa nchi yao haiuzwi. Katika uchaguzi wa Machi 2025, chama cha Demokraatit, kinachotaka uhuru wa hatua kwa hatua, kiliongoza, na Naleraq, kinachoutaka upesi, kikawa cha pili.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Walisema pia haraka haraka haina baraka. Wagreenland wamesimama katikati ya methali hizo mbili. Je, msomaji, wewe ungeshika ipi? Lizungumzeni mezani leo, watoto wakiwapo.