Afya ya Nyumbani: Maumivu Yarithiwayo

Kijana wa Maili Moja akishikwa mara kwa mara na maumivu makali juu ya kitovu, yapenyayo hata mgongoni, msifanye haraka kunena, “Anakunywa pombe kwa siri,” wala, “Amerogwa.” Huenda kongosho lake ni gonjwa, na chanzo chake ni urithi.

Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa insulini iongozayo sukari ya damu, tena hutoa maji makali ya kuyeyusha chakula. Maji hayo hutoka yakiwa yamelala, nayo huamka yafikapo utumboni. Lakini wako waliozaliwa na kosa dogo katika jeni, yaani maagizo ya mwili tuyapatayo kwa baba na mama. Kwao maji huamka kabla ya wakati, na kongosho huanza kujila lenyewe.

Mwaka 1952 waganga Comfort na Steinberg wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za jamaa moja waliougua hivyo kizazi kwa kizazi. Mwaka 1996 Whitcomb na wenzake walilivumbua kosa lenyewe, katika jeni iitwayo PRSS1. Mzazi akiwa nalo, kila mtoto aweza kulirithi au kulikosa, nusu kwa nusu. Wala si wote walirithio wauguao.

Je, muhogo wetu? Mwaka 1959 Zuidema aliandika juu ya wagonjwa maskini wa Indonesia waliokula muhogo, nao ukashitakiwa. Baadaye wagonjwa wengi wa India na Bangladesh walionekana kuwa na kosa katika jeni nyingine, SPINK1, ambayo kazi yake ni kuyazuia maji yale yasiamke mapema. Basi muhogo mchungu na ulowekwe na kuanikwa vema, maana sumu yake ni ya kweli. Lakini usibebeshwe lawama zote.

Ni kweli, pombe na tumbako huliharibu kongosho, na mwenye urithi huu hana budi kuviepuka kabisa. Walakini si kila auguaye ni mlevi.

Kwa hiyo, enyi wazazi na waalimu, waulizeni wazee: Ni nani katika ukoo aliyeumwa hivi tangu utoto? Ni nani aliyekonda, kisha akapata kisukari? Mpelekeni mgonjwa hospitali ya Tumbi, mkamweleze mganga habari hizo zote. Mtoto aliyekwisha kuumwa na tumbo asiongezewe maumivu ya kusingiziwa.