Satelaiti ifungwe kufuli kabla haijaruka

MKULIMA wa mpunga wa Kilosa anayesubiri utabiri wa mvua redioni, na mwenye lori la vitunguu linalopita Mikumi likiwa na kifaa cha kuonyesha lilipo, wote wanategemea satelaiti. Usalama wa vyombo hivyo unagusa mifuko yao.

Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania inajiandaa kurusha satelaiti yake. Majirani walishatangulia. Satelaiti ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa Novemba 2022. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 15, 2023, lengo mojawapo likiwa kupata takwimu za kilimo. Wakenya waliisanifu, lakini utengenezaji na majaribio ya vipuri vilifanyika kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria.

Hapo ndipo penye hoja. Satelaiti ndogo huundwa kwa vipuri na programu za wauzaji mbalimbali. Programu iliyochezewa karakana hupanda nayo angani, na huko hakuna fundi wa kuitwa. Inaweza kurekebishwa kwa mawimbi kutoka ardhini, lakini njia hiyo isipofungwa vizuri tangu mwanzo, mwizi naye ataipitia.

Hasara yake imeshaonekana. Februari 24, 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wavamizi waliingia katika mtandao wa ardhini wa satelaiti KA-SAT ya kampuni ya Viasat. Satelaiti yenyewe haikuguswa, lakini modemu za wateja, makumi ya maelfu, zilizimwa. Katika Ulaya ya Kati, mitambo 5,800 ya umeme wa upepo haikuweza kusimamiwa kutoka mbali.

Kilosa inayakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Katika siku kama zile, taarifa iliyokatika au kupotoshwa inaweza kugharimu mazao, mifugo na hata maisha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu mhalifu baada ya kosa. Haifungi mlango kabla. Kufuli hilo liwekwe kwenye mkataba wa ununuzi: asili ya kila kipuri ijulikane, amri zinazotumwa angani zilindwe kwa funguo za siri, na wakaguzi wasio wauzaji wajaribu kuivunja satelaiti ingali ardhini.

Ukaguzi huo utaongeza gharama. Hata hivyo, ni nafuu kuliko kupoteza chombo kilichonunuliwa kwa kodi ya mkulima na mfanyabiashara. Samaki mkunje angali mbichi.